Wanaotapisha Vyoo Vyetu

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wangu, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumzie kazi zinazodharauliwa, nami nimeona afadhali nishike moja tu, ya kutapisha vyoo vya shimo, yaani kuondoa kinyesi vinapojaa, kwa kuwa sehemu kubwa ya wakazi wa Kampala hawajaunganishwa na mabomba ya majitaka, na kila shimo, hata lichimbweje, siku moja hujaa. Kule Bwaise, mtaa mmoja wa jiji hili, maji ya ardhini yako karibu mno, hata vyoo vingi huinuliwa juu na mtu hupanda ngazi kuingia. Shimo la namna hiyo hujaa upesi, na vichochoro haviruhusu gari la kunyonya kupita. Hapo ndipo huitwa vijana wenye pampu ya mkono.

Tuitazame kazi yenyewe. Kabla pampu haijaingia, lazima waopoe kwa kulabu vitu tulivyovitupa sisi wenyewe: chupa, matambara, nepi, pedi, maana hivyo huziba valvu, vile vilango vya ndani ya pampu. Kisha mmoja huvuta mpini juu na chini, mwingine hushika pipa, na mapipa yakishafungwa hubebwa hadi barabarani, yakapakiwa garini kwenda Lubigi, kwenye mtambo wa kusafishia majitaka uliofunguliwa mwaka 2014. Gesi ya haidrojeni salfaidi inayotoka shimoni, ikiwa nyingi, huua mtu kwa pumzi chache, na la kutisha zaidi ni kwamba ikizidi, pua huacha kabisa kuisikia.

Wapo wanaosema kwamba tunachokikwepa ni uchafu, si mtu. Siwaamini. Daktari wa upasuaji hushika usaha na matumbo, mkunga hupokea damu na kinyesi, na wote wawili tunawaamkia kwa heshima na kufurahi wakioa au kuolewa kwetu. Tunachokipima ni shule aliyosoma mtu na mshahara anaoupata, kisha tunausingizia uchafu.

Tena dharau hiyo huturudia. Mwenye nyumba anayeona haya majirani wasijue kuwa choo chake kimejaa huita watu usiku, wasio na leseni wala taa ya maana, akapatana nao bei ya chini kiasi kwamba hawawezi kulipia gari la kufika Lubigi. Basi mapipa humwagwa mtaroni, mvua ikinyesha mtaro hufurika, na kipindupindu huingia hata kwa wale waliolipa vizuri.

Katiba yetu ya Uganda ya mwaka 1995 haikunyamaza. Ibara ya 21 inakataza ubaguzi, ikiwamo ule unaotokana na hali ya mtu kijamii au kiuchumi, na Ibara ya 40 inalitaka Bunge litunge sheria za kulinda haki ya watu kufanya kazi katika mazingira salama na yenye afya. Lakini hakuna mbunge atakayesimama nyuma ya choo chako saa sita za usiku.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wenye nyumba mliomo humu. Waiteni mchana, na bei mnayopatana ihesabu gari la Lubigi na glavu. Wapangaji wawekewe pipa la taka kando ya choo. Na maji na sabuni ya kunawia viwe tayari kabla vijana hawajafika, badala ya kuwaelekeza wakanawe kwenye mtaro.