Taratibu, Mama: Mazoezi Madogo kwa Anayeachana na Vidonge vya Usingizi

Mwangaluka, wazee wangu. Shikamooni. Mliotembea kutoka Pasiansi kuja hapa Kirumba karibuni mkae, na mkae vizuri, migongo iegemee. Nasema hivyo kwa makusudi. Nusu yenu mmepandisha mabega mpaka masikioni na mimi sijasema hata jambo moja la kutisha.

Kazi yangu ni fiziotherapia, kutibu watu kwa mazoezi ya viungo. Habari za dawa zenyewe daktari ameshazieleza, sizirudii. Nachukua moja tu kwa ajili ya kazi yangu. Diazepamu, ile mnayoiita Valium, na ndugu zake lorazepamu na alprazolamu, zinaipa nguvu kemikali ya ubongo inayotuliza, inaitwa GABA. Ukizimeza kila siku kwa wiki na miezi, ubongo unajipanga kushindana nazo. Ni kama watu wawili wanaosukumana mlangoni, mmoja nje mmoja ndani. Wa nje akiachia ghafla, wa ndani anaporomoka kifudifudi. Kuporomoka huko ndiko arosto. Na arosto si ya mateja wa vijiweni peke yao. Nimeiona kwa bibi mwenye kanga zake mbili na rozari mkononi, ambaye hajawahi kuonja hata togwa iliyochacha.

Neno langu ni moja. Nimelisema makanisani, nimelisema misikitini, nimelisema kwenye vikoba mpaka wakanipa uanachama wa bure. Anayeachana na vidonge hivi ahangaike na mwili wake, autembeze, aunyooshe, lakini kidogo kuliko anavyofikiri na polepole kuliko anavyotaka. Basi. Ugumu uko hapo kwenye polepole, kwa sababu sisi watu wa Mwanza hatujui polepole. Hata daladala ya Igoma inaondoka mtu mguu mmoja bado uko chini.

Kuna mwalimu mmoja mstaafu, jina lake na mtaa wake vinabaki kwangu. Alifiwa na mume. Hospitali wakampa diazepamu ya siku chache apate kulala. Zile siku chache zikawa miaka, maana duka la dawa lilikuwa jirani na muuzaji alikuwa mwanafunzi wake wa darasa la nne. Nani atamwambia mwalimu wake, "Shikamoo mwalimu, lete cheti"? Akaendelea kumeza. Kidonge kimoja kikawa viwili. Usingizi wenyewe ulishakimbia siku nyingi, alikuwa anameza ili asijisikie vibaya.

Kijana wake akaja kutoka Dar es Salaam, akaona vidonge, akasoma kwenye simu, akavimwaga chooni. Kwa mapenzi kabisa. Siku ya kwanza mama yuko sawa. Ya pili yuko sawa. Kijana akapanda basi akarudi, anatangaza kwenye kundi la familia kwamba mama ameshinda. Sasa sikilizeni hapa, nyie watoto wenye simu. Diazepamu haitoki mwilini kwa siku moja. Mabaki yake yanakaa siku nyingi, kwa hiyo arosto yake inaweza kuchelewa hata wiki nzima. Lorazepamu haisubiri hivyo, inakuja mapema. Mwalimu wetu ilimjia kijana akiwa ameshafika Dar. Mikono inatetemeka, jasho, moyo unakwenda mbio, mwanga wa dirishani unamchoma macho, ngozi inawaka moto, shati la jirani likinuka dagaa anatapika. Majirani wakasema majini. Wakaja wa kumwombea, wakamwombea kwa sauti kubwa, na sauti kubwa ndicho kitu ambacho mtu wa namna hiyo hawezi kabisa kukistahimili. Usiku akaanguka jikoni, mwili mzima unapiga kama mwenye kifafa.

Hilo la kuanguka si ajabu, ndivyo inavyokuwa kwa baadhi ya watu wanaoacha ghafla, na wapo wanaokufa. Naomba tuelewane hapo kabla sijaendelea. Hakuna zoezi la kuzuia degedege la arosto. Kama kuna mtu amekuja hapa akitegemea nimfundishe namna ya kupumua ili kesho atupe vidonge, huyo hajanisikia.

Hospitali walimrudishia dawa, kisha wakampangia kushuka kidogo kidogo. Siku hizi wataalamu wengi wanaanza kwa kupunguza asilimia 5 hadi 10 ya dozi, kila wiki mbili hadi nne, na wanasimama pale mgonjwa anapolemewa. Profesa Heather Ashton, aliyeendesha kliniki ya watu hawa Newcastle, Uingereza, kuanzia 1982 hadi 1994, alisisitiza jambo hilohilo: taratibu, na mgonjwa mwenyewe awe na usemi juu ya mwendo. Kwa mwalimu ilichukua zaidi ya mwaka.

Hapo katikati ndipo mkwe wake akaingia. Mkwe ni mtu wa jogging. Mnawajua, Jumamosi alfajiri, jezi za rangi moja, nyimbo, barabara nzima ni yao. Siwachukii, wameokoa presha za watu wengi. Akamnunulia mama mkwe raba mpya, akampeleka. Mwalimu akakimbia, akaimba, akapiga picha, akarudi nyumbani anacheka. Usiku huo hakulala. Uliofuata hakulala. Mtetemeko ukarudi, misuli ya mapaja ikakakamaa, kifua kikabana. Na unajua alisema nini? "Sijajitahidi vya kutosha." Jumamosi iliyofuata akaongeza, akapanda nao kilima.

Hii ndiyo sababu nina ugomvi na neno "pambana". Mwili ulio kwenye arosto uko kwenye hali ya hatari muda wote. Moyo uko juu, misuli imekaza, mtu anashtuka mlango ukigongwa. Ukimkimbiza, moyo unapanda zaidi, jasho linatoka, pumzi inakuwa fupi, na ubongo ambao tayari unaogopa unaona dalili zilezile za hofu, nao unazijibu kwa hofu. Mtu mzima wa afya akimaliza kukimbia anatulia baada ya muda mfupi. Huyu, kile kinachomtuliza ndicho kilichochoka. Wapo wanaovumilia mbio vizuri, sikatai. Mimi naletewa wasiovumilia.

Alipokuja kwangu nikamwambia avue raba. Nikamkalisha kwenye stuli nje, kivulini, nyayo zote mbili chini. Nikamwambia azungushe mabega, polepole, nyuma, mara chache. Akanikasirikia. "Nimefundisha michezo shule ya msingi maisha yangu yote, wewe mtoto unanifundisha kuzungusha mabega?" Nikamwambia ndiyo mwalimu, na leo ni hilo tu. Kesho yake tukaongeza kugeuza shingo, kushoto, kulia, bila kulazimisha. Halafu kutembea kutoka mlangoni mpaka kwenye mwembe na kurudi. Masharti yangu yalikuwa mawili. Acha ukiwa bado unataka kuendelea. Na usipime zoezi kwa jasho, lipime kwa usiku unaofuata: ukilala vibaya kuliko jana yake, kesho fanya nusu. Aliyatii kwa shida, kama walimu wote. Miezi ilipopita alikuwa anatembea pale Capri Point, ile barabara tambarare ya kando ya ziwa, anasalimia watu, anasimama anapotaka. Kutembea tu. Na wiki ya kupunguza dozi hatukuongeza kitu chochote, hilo naomba mlishike, kwa sababu ukiongeza hatua na kupunguza dawa siku moja, mambo yakiharibika hujui umlaumu nani.

Haikwenda kwa mstari ulionyooka. Alikuwa na wiki nzuri, kisha bila sababu siku tatu za kulia kitandani. Kwa watu hawa hali inakuja na kuondoka hivyo, na kwa wengine inachukua miezi mingi. Siku mbaya tulibaki na pumzi na mabega.

Najua mnachotaka kuniuliza, maana naulizwa kila ninapokwenda. Mama mmoja wa Mwaloni aliniambia, "Mimi nabeba ndoo za dagaa toka alfajiri, mazoezi gani zaidi?" Mama, ile ni kazi. Unabeba umebana pumzi, shingo imekaza, macho yanatafuta mteja, na akili inahesabu deni la ndoo. Mwili hauoni pumziko hapo hata kidogo. Kwako zoezi ni kinyume chake: kati ya mzigo na mzigo, kaa, miguu chini, legeza taya, toa pumzi ndefu. Kama kuna mtoto wa kukusaidia kubeba katika wiki za kupunguza dawa, mpe abebe.

Mzee mwingine akasema haya ni mambo ya kinamama. Sawa. Wanaume wanaotetemeka wanakwenda baa badala yake, na pombe inagusa sehemu ileile ya ubongo inayoguswa na vidonge hivi. Ukichanganya viwili unaweza kulala usiamke. Ukiacha vyote viwili kwa pamoja unajitafutia degedege mara mbili. Mzee, heri uzungushe mabega.

Halafu kuna hili la yoga. Wachungaji wananiuliza, masheikh wananiuliza: hii siyo dini ya watu? Ndugu zangu, kugeuza shingo hakuna mungu wake. Anayetaka kusali wakati anatoa pumzi, asali sala yake.

Na kuogelea? Ziwa liko hapo, watu wanaliangalia wanaona hospitali ya bure. Hapana. Mtu anayeweza kupata degedege asiingie majini. Hata ukiliacha hilo, kichocho cha Ziwa Victoria mnakijua kuliko mimi.

Pumzi sasa, maana hapa watu wanaharibu. Mkiambiwa "pumua" mnavuta hewa kwa nguvu kama mnataka kupiga mbizi. Ukifanya hivyo mfululizo unatoa hewa ya kaboni dioksaidi nyingi kupita kiasi, midomo inakufa ganzi, vidole vinachomachoma, kichwa kinazunguka, na mgonjwa anasema arosto imezidi. Vuta kidogo, kwa pua, bila kelele. Toa polepole, muda mrefu kuliko ulivyovuta. Mkono mmoja tumboni. Dakika mbili tatu zinatosha. Ukihisi kizunguzungu, acha, pumua kama kawaida yako.

Kukaza na kulegeza misuli ni mbinu ya daktari Mmarekani, Edmund Jacobson, aliyeifundisha tangu miaka ya 1920. Unakaza ngumi, unaachia, unasikia tofauti. Unapanda mkono, bega, uso, mpaka miguuni. Ni nzuri sana, lakini kwa mtu wa arosto ambaye misuli imeshakaza yenyewe, kukaza kwa nguvu kunaweza kuleta mkakamao. Akaze robo tu, au aruke kukaza, aachie tu. Na wapo ambao ukiwaambia wafumbe macho watulie, ndipo hofu inapanda. Msiwalazimishe. Wafumbue macho, waangalie mitumbwi, waangalie kuku wakitembea uani, chochote kisicho na haraka.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na habari ndefu ya kuanguka kwa wazee, nasema kwa kifupi: dawa hizi zinaongeza kuanguka, na ngazi zetu za mawe za Mabatini na Igogo hazina huruma, kwa hiyo mazoezi ya kusimama fanyeni mmeshika ukuta au kiti kizito. Kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu, punguzeni. Mwanga wa asubuhi, tokeni nje. Habari ya kulala mchana naiacha. Tiba ya mazungumzo ya kukosa usingizi naiacha pia ingawa sikutakiwa kuiacha, kwa sababu ukiichanganya na kupunguza dawa polepole ndiyo yenye ushahidi mkubwa kuliko haya yangu yote. Mwulizeni daktari.

Moja siliachi. Wenye kifafa wanaotumia phenobabitoni, au dawa yoyote ya kifafa, haya ya kupunguza hayawahusu mpaka daktari wenu aseme. Mazoezi fanyeni, dawa msiguse. Na anayemeza vidonge vya usingizi kila siku kwa muda mrefu, usiku wa leo ameze kama kawaida yake. Asiongeze, asiruke. Kisha wiki hii aende hospitali, abebe pakiti zote alizonazo, hata zile za kuficha, aseme ukweli wa idadi. Akitokea mtu ameshaacha ghafla na anatetemeka, anaona vitu visivyokuwepo au amepata degedege, huyo apelekwe leo hii, asipelekwe kwangu.

Mfamasia amekaa pale mezani mlangoni, anapokea maswali ya faragha. Ya hadharani niulizeni mimi. Tuanze na mama wa nyuma mwenye kitenge cha njano. Wewe nilikuona ukimkonyeza mwenzako niliposema duka la dawa. Kama ni Piriton unayomeza ili ulale, simama useme tu, hapa wako wengi.