Goti la Zamani Hutibiwa Pajani

(Mhadhara kwa wanasoka maveterani, Dar es Salaam)

Wazee wangu, kaka zangu, asanteni kwa kunialika. Kabla sijasema lolote, nyoosheni miguu yote miwili, kazeni mapaja, kisha shikeni nyama iliyo juu ya goti, upande wa ndani. Mwenye goti bovu atakuta ya mguu ule imepungua na imelegea. Naona mnacheka; mmejikuta.

Goti likiumia na kuvimba, neva huunyima msuli wa mbele wa paja amri ya kukaza. Ni kinga ya mwili. Ubaya wake, uvimbe ukiisha msuli mara nyingi hauamki wenyewe. Mtu anazoea kuegemea mguu mzima, miaka inakwenda, paja linakonda. Siku moja anashuka kwenye daladala, goti linaachia, anasema jeraha la zamani limerudi.

Ukienda kwa mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, usishangae akikuuliza habari za 2009, mwaka ulioumia. Ulisikia mlio? Goti lilivimba palepale uwanjani, au uliamka nalo kesho yake? Lililovimba ndani ya saa chache aghalabu limevujia damu ndani, na hapo tunashuku kano ya msalaba ya mbele, ile inayozuia mfupa wa muundi usiteleze kwenda mbele. Lililovimba kesho yake, tena likawa linakwamakwama, linatupeleka kwenye menisko, zile gegedu mbili zinazopokea mshindo. Kumbukumbu yako ni kipimo kisicho na malipo, na bado wapo wanaonijia na picha ya MRI mkononi huku hawakumbuki hata waliangukaje!

“Kano ikikatika si lazima kupasuliwa?” Swali hili haliniishii. Mwaka 2010 watafiti wa Sweden walitoa matokeo ya vijana 121 wapenda michezo waliokatika kano hiyo. Kundi moja lilipasuliwa mapema, kisha likafanya mazoezi. Jingine lilianza na mazoezi, upasuaji ukiwa akiba. Baada ya miaka 2 makundi hayakutofautiana kwa jinsi wenyewe walivyoyaona magoti yao, na kati ya 59 wa kundi la pili, 23 ndio waliokuwa wamejengewa kano mpya. Kweli, majeraha yao yalikuwa mabichi, yenu yamekomaa. Na goti linaloendelea kuachia baada ya mazoezi ya kutosha linamhitaji daktari wa mifupa. Lakini foleni ianzie kwa fizio.

Sasa kuchuliwa. Najua mnavyompenda mchuaji wenu. Mafuta ya karafuu yanatuliza, mashine za umeme za kupunguza maumivu nazo zinatuliza, ila hakuna kinachojaza paja hapo. Linajazwa na kazi: kukaa na kuinuka kitini, kupanda kidaraja kwa mguu mmoja, kuchuchumaa umeegemea ukuta, na kuongeza uzito kadiri mwili unavyozoea. Kushuka ngazi hulibebesha goti zaidi ya mara 3 ya uzito wako, kwa hiyo huko tunakupeleka mwishoni.

Maumivu kidogo zoezini yanaruhusiwa. Asubuhi inayofuata ndiyo inayohukumu: likivimba au likiuma kuliko jana, punguza, likiwa vilevile, songa mbele. Hesabu miezi, si wiki. Wengi huacha pale tu maumivu yanapopungua, paja likiwa bado jembamba.

Anayeswali amwambie fizio waziwazi kwamba anataka kuketi vizuri kati ya sijda mbili. Kikao kile hukunja goti karibu hadi mwisho, na kina maandalizi yake. Watu huona aibu kulitaja, wanataja mpira tu.

Goti lililokwama lisinyooke kabisa, goti la moto lenye homa, au kigimbi kilichovimba na kuuma: hayo si ya fizio kwanza. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Haya, viti mlivyokalia vinatosha. Sogeeni ukingoni, mikono kifuani, tuinuke taratibu. Aliyeegemea mguu mzima namwona.