Cillian Murphy alirudi kwao kabla ya Oscar

Habari za huko nyumbani, ndugu zangu. Wakubwa zangu wote shikamooni. Leo naongea nanyi kutoka Cork, kusini mwa Ireland, mji ninaoishi, na nataka tumzungumzie mtoto wa mji huu. Mnamjua kwa sura: yule mwenye macho ya buluu na kofia kwenye tamthilia ya Peaky Blinders, ndiye huyo huyo aliyeigiza filamu ya Oppenheimer, mwanasayansi wa bomu la atomiki. Anaitwa Cillian Murphy. Machi 2024 alichukua Oscar ya mwigizaji bora wa kiume, wa kwanza mzaliwa wa Ireland kuipata. Pale jukwaani akajitaja kuwa Mwairishi mwenye fahari kubwa, akashukuru kwa Kiairishi, na tuzo akaitoa kwa watu wanaotafuta amani kila mahali.

Lakini mimi sikuvutwa na usiku ule. Nimevutwa na alichokifanya mwaka 2015, na ili mkielewe lazima mjue katoka wapi.

Alizaliwa 1976 Douglas, akakulia Ballintemple, vitongoji vya hapa hapa Cork. Nyumba ya walimu: mama anafundisha Kifaransa, baba mtu wa wizara ya elimu, babu mwalimu mkuu. Na yeye ndiye kifungua mimba kati ya watoto wanne. Waliokulia nyumba ya mwalimu wanajua macho ya wazazi yanaelekea wapi. Akaingia chuo kikuu kusoma sheria, lakini moyo wote uko kwenye gitaa. Bendi yake na mdogo wake ikaletewa mkataba wa kurekodi, wakaukataa, maana fedha ilikuwa kidogo, haki za nyimbo zingeondoka, na mdogo mtu alikuwa bado yuko sekondari. Mwenyewe husimulia kwamba Agosti 1996 mambo yalimjia kwa mpigo: mkataba huo, kufeli mtihani wa sheria, kupata nafasi yake ya kwanza jukwaani, na kukutana na binti ambaye leo ni mkewe. Mchezo ule ulipangwa uonyeshwe wiki tatu hapa Cork, ukaishia kuzunguka Ulaya, Kanada na Australia kwa karibu miaka miwili.

Baadaye akahamia London, akaishi huko miaka 14 na kupata watoto wawili wa kiume. Kisha 2015 yeye na mkewe wakafungasha wakarudi Ireland, Dublin. Sababu mojawapo aliyoitoa ni kwamba watoto walikuwa wanakaribia ujana, wameshika lafudhi ya Kiingereza cha watu wa tabaka la juu, na yeye hakupendezwa nayo. Alitaka wanawe wawe Wairishi.

Hapo akanishika. Wangu wa mwisho akipewa simu aongee na bibi yake Tanga, shikamoo anaitoa vizuri kabisa, anaitikiwa marahaba, halafu bibi anaanza: umekula nini, shule inaendaje, lini unakuja mjukuu wangu. Mtoto ananigeukia, anajibu kwa Kiingereza cha Cork, kile kinachopanda na kushuka kama wimbo. Bibi anauliza, "Anasemaje?" Na mimi nakaa katikati, mkalimani wa mama yangu na mtoto wangu. Inauma, jamani. Msidhani huku hatuyaoni haya.

Kwetu mtu akirudi, la kwanza ni minong'ono: atakuwa kafukuzwa, karatasi zimeisha, kazi imekufa. Cillian alirudi huku Peaky Blinders bado inaendelea. Na kazi ilimfuata: Christopher Nolan, mwongozaji wa Oppenheimer, alipanda ndege mpaka Dublin kumpa hati ya filamu hiyo, Cillian akaisoma hotelini, imechapwa kwenye karatasi nyekundu.

Mtaniambia ana fedha. Kweli anazo. Tena Dublin na London ni kama saa moja na robo tu angani, na Mwairishi haombi viza kuingia Uingereza. Mtanzania akiacha kibali chake cha ukazi huku, mlango huenda usifunguke tena. Simlaumu yeyote anayeogopa hilo. Mimi mwenyewe naliogopa. Ninachokataa ni ile hesabu ya kwamba aliyerudi ndiye aliyeshindwa.

Na nchi hii inajua uchungu wa kuondokewa. Njaa iliyoanza 1845 iliua watu kama milioni moja, wengine milioni wakakimbia. Kijana wa kwenda Amerika alikuwa anakeshewa usiku kucha kama msiba, na yeye yu hai, amekaa katikati yao, maana hawakutegemea kumwona tena.

Halafu tazameni alivyolitumia jina lake huku nyumbani. Alitoa na kuigiza filamu kuhusu nyumba za kufulia nguo zilizoendeshwa na watawa, ambako wanawake na wasichana walifungiwa na kufanyishwa kazi bila malipo. Nyumba ya mwisho ya aina hiyo ilifungwa 1996, na serikali ikaomba radhi 2013. Anaipenda nchi yake na aibu yake anaisema. Namheshimu sana kwa hilo.

Mwaka 2024 yeye na mkewe wakanunua jumba la sinema la Phoenix, mji mdogo wa Dingle, lililokuwa limefungwa tangu 2021. Baba yake aliangalia filamu humo ujanani, yeye akiwa mtoto wakati wa likizo, kisha wanawe. Vizazi vitatu kwenye ukumbi mmoja!

Nawaza Majestic ya Zanzibar, pale Vuga, na majumba mengine ya pwani yetu ambako wazazi wetu walijazana kuangalia filamu za Kihindi. Aliye karibu na Vuga aniandikie hapo chini hali ya jengo ikoje sasa, na nani anahusika nalo. Waswahili wa hapa Cork tuko tayari kuchangishana.