Pa Kusimama: Mhadhara wa Jioni, Tanga

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za jioni.

Ukiwa Raskazone unakiona kisiwa cha Toten kwa umbo moja. Mvuvi anayerudi kutoka baharini anakiona kwa umbo jingine. Jioni ya leo nataka tuutazame mkunjo, yaani mstari uliopinda wenye mlinganyo wake, tukiwa tumesimama kwenye nukta moja.

Tuanze na ungo. Simama nje yake, upige mistari minyoofu kutoka ulipo. Kila mstari unaopita ndani ya ungo unaukata ukingo mara mbili, mbele na nyuma. Badilisha nukta ya mbele iwe ya nyuma, kote kwa pamoja: ungo ni ule ule, na huo ndio ulinganifu. Na popote utakaposimama nje, mabadilishano hayo yapo.

Kwa mkunjo wa daraja la nne, yaani ambao kipeo kikubwa katika mlinganyo wake ni nne, mambo hugeuka. Tukikubali namba changamano, yaani zenye i, ambayo ikizidishwa kwa yenyewe hutoa −1, mstari unaukata mara nne. Uzungushe polepole ukiwa umeushika pale uliposimama, na nukta nne zitatembea. Kuna mahali ambapo mbili kati yake zitagongana: hapo mstari umekuwa tanjenti, yaani unaugusa mkunjo tu. Mkunjo ukiwa laini, usio na ncha wala fundo, kutoka nukta ya kawaida tanjenti ni 12. Lakini kwenye namba changamano tunaweza kuipitia tanjenti pembeni, kama nahodha anavyouzunguka mwamba. Tukifika tena tulipoanzia, nukta mbili zimebadilishana nafasi! Unganisheni safari za namna hiyo, na mtapata mipangilio yote 24 ya nukta nne. Hapo hakuna ulinganifu wa mkunjo unaoweza kuzihamisha nukta za kila mstari kwa pamoja.

Sasa tazameni huu ubaoni: x⁴ + y⁴ = 1. Simama mbali bila kikomo, mistari ya wima inakokutana. Ukishika x, jibu moja la y likiwa mkononi, mengine unayapata kwa kulizidisha na i, mara moja, mbili, tatu. Mipangilio si 24 tena, ni minne tu, na yote ni ulinganifu wa mkunjo wenyewe. Zile tanjenti 12 zimekwenda wapi? Zimekusanyika mahali pane, tatu tatu, na hapo nukta zote nne hugongana kwa mpigo. Binafsi sijui hesabu nyingine ya kujumlisha inayonifurahisha kama hii.

Nukta ya kusimama ya namna hiyo, ambayo mipangilio yake yote ni ulinganifu wa mkunjo, huitwa nukta ya Galois, kwa jina la Évariste Galois, Mfaransa aliyefariki mwaka 1832 akiwa na miaka 20. Aliyeanzisha utafiti wa nukta hizi ni Mjapani, Hisao Yoshihara, miaka ya 1990.

Mkunjo wetu unazo tatu: hiyo ya wima, ya mlalo, na kitovu cha mihimili. Ya nne nje ya mkunjo haipo. Kwa mikunjo laini, kuanzia daraja la nne, nukta hizi za nje ni sifuri, moja au tatu. Mbili hazitokei kamwe. Na tatu huzipati ila kwa mkunjo wa namna hii ya ubaoni, hata ukibadilishiwa mihimili.

Binti mmoja pale nyuma ameuliza: na ukisimama juu ya mkunjo wenyewe? Swali zuri sana, mwanangu. Hapo mstari unabakiwa na nukta tatu. Kwa daraja la nne, nukta za Galois za namna hiyo ni sifuri, moja au nne. Kuanzia daraja la tano, ni sifuri au moja tu.