Mgonjwa Asiyeona: Kutoka Mapokezi Hadi Dirisha la Dawa

ATUPELE: Karibuni wasikilizaji, mlioko Mbeya, Iringa, Njombe na kote Nyanda za Juu Kusini. Mimi ni Atupele, niko na kaka Lusajo. Leo tunaongea na wenzetu wa mapokezi, maabara, wodini na dirisha la dawa kuhusu mgonjwa asiyeona au mwenye uoni hafifu. Kaka, tuanzie mapokezi.

LUSAJO: Ahsante dada. Tuanze na salamu. Mzee yuko kwenye benchi na wenzake sita, unapita unasema "shikamoo baba", basi. Atajuaje kama umemwamkia yeye au jirani yake? Mtaje jina kwanza, kisha jitaje wewe na kazi yako: "Mimi ni muuguzi Atupele, nimekuja kukupima presha." Ukiondoka, aga. Mtu akiendelea kuongea na wewe umeshatoka chumbani, hiyo ni kumvunjia heshima mbele za watu.

ATUPELE: Na uongee naye mwenyewe. Bado kuna wahudumu wanaomgeukia aliyemleta: "Huyu anaumwa nini?" Kilichopungua ni macho. Muulize mwenyewe, na mapema kabisa muulize, "Unaona kiasi gani?" Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, mtu huhesabiwa haoni pale uwezo wa jicho lake zuri unapokuwa chini ya 3/60. Maana yake hata akisogea hadi mita 3, hakioni kile ambacho mwenye macho mazima anakiona akiwa mita 60. Lakini hata hapo wengi wana kitu wanachokiona: mwanga, kivuli, rangi kali.

LUSAJO: Na hawaoni kwa namna moja. Mwenye presha ya macho iliyokomaa amepoteza pembeni. Anaweza kukusomea karatasi vizuri kabisa, akainuka akagonga toroli la dawa, na watu wakasema anajifanya. Mwenye mtoto wa jicho anasumbuliwa na mng'ao: ukimkalisha akitazama dirisha, umemwongezea ukungu. Dirisha liwe nyuma yake.

ATUPELE: Tusimsahau aliyewekewa dawa ya kupanua mboni. Kwa saa kadhaa haoni vizuri vitu vya karibu, na jua linamchoma macho. Amekuja anaona, sasa anahitaji msaada kama hao wengine. Asiendeshe bodaboda, na maelekezo asipewe kwa karatasi tu.

LUSAJO: Tuje kwenye kumwongoza, maana hapa mazoea mabaya ni mengi. Usimshike mkono ukamvuta, usimsukume kutoka nyuma. Muulize kama anataka kuongozwa. Akikubali, gusisha mkono wako na wake, ashike juu kidogo ya kiwiko chako, wewe utangulie nusu hatua. Mwili wako ukishuka au ukigeuka, mkono wake unapata habari kabla mguu haujafika. Ukimsukuma, yeye ndiye anatangulia kwenye hatari.

ATUPELE: Na huku kwetu hospitali nyingi ziko mteremkoni: jengo hili juu, lile chini, katikati ngazi na mfereji wa maji ya mvua.

LUSAJO: Kwenye ngazi simama kabisa. Sema kama zinapanda au zinashuka, mwonyeshe mkono wa ngazi kama upo, na mkimaliza mwambie, "Hii ndiyo ya mwisho." Kwenye mfereji taja upana: "Hatua moja ndefu." Mlangoni au kwenye ushoroba mwembamba, rudisha mkono wako nyuma ya mgongo, atajua ajipange nyuma yako. Kiti usimkalishe kwa kumbonyeza mabega. Weka mkono wake kwenye egemeo, atakaa mwenyewe. Fimbo nyeupe usiisogeze bila kumwambia. Ikikulazimu kuihamisha, mpe mkononi au mwambie umeiegemeza wapi.

ATUPELE: Wodini siku ya kwanza, mtembeze kutoka kitandani hadi chooni na kurudi, zaidi ya mara moja, mkigusa alama zilezile: kona ya kitanda, ukuta, mlango wa pili kulia. Baada ya hapo, adui yake ni kuhamisha vitu. Mtu wa usafi akisogeza stuli akaiacha njiani, mgonjwa atajikwaa nayo usiku. Milango iwe wazi kabisa au imefungwa kabisa. Ule ulioachwa nusu unapasua paji la uso.

LUSAJO: Na chakula. Ugali mweupe kwenye sahani nyeupe, mwenye uoni hafifu haoni kitu pale. Tafuta sahani ya bluu au ya kijani iliyokolea. Kule kueleza sahani kwa mishale ya saa, kunakofundishwa kwingi, mimi siutegemei kwa wazee wetu. Saa tatu asubuhi mshale uko kwenye tisa. Ukimwambia maharage yako saa tatu, apeleke mkono upande gani? Sema tu, "Ugali uko karibu na kifua, maharage kulia, mchicha kushoto, uji wa moto uko mbele umejaa."

ATUPELE: Ridhaa ya upasuaji. Fomu isomwe yote kwa sauti, si kumwambia "weka dole gumba hapa". Awepo shahidi ambaye si yule atakayempasua. Kabla ya kusoma majibu ya vipimo, muulize faraghani: "Nikueleze mwenyewe, au na aliyekuleta awepo?" Aliyemleta anaweza kuwa jirani tu aliyepanda naye gari kutoka Chunya. Tuna Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, lakini hata bila sheria, siri ya mgonjwa haipungui kwa sababu haoni.

LUSAJO: Sasa dawa, ndipo penye hatari kubwa. Mgonjwa anatoka dirishani na vibahasha vitatu vya plastiki vilivyofanana, vimeandikwa kwa kalamu 1x2, 1x1, 1x3. Kwake yeye vyote ni kimoja.

ATUPELE: Wengine wanafunga mpira wa kufungia noti kulingana na mara za kumeza: mara mbili, mipira miwili.

LUSAJO: Inakwama zikiwa dawa mbili na zote ni 1x2. Alama ioneshe ni dawa gani, na mgonjwa achague mwenyewe. Kwa mfano, kopo lenye mpira mmoja ni la presha, lenye miwili ni la sukari, bahasha iliyokatwa kona ni ya maumivu. Kwenye bahasha mpira unachomoka, kwa hiyo dawa ya muda mrefu iwe kwenye kopo. Usimfundishe kutambua kidonge kwa umbo peke yake, kwa sababu mwezi ujao dawa ileile inaweza kutoka kiwanda kingine ikiwa na umbo jingine. Mwisho changanya makopo mezani, umwambie, "Nipe ya sukari, uniambie unameza lini." Akikosea, mrudie, bado yuko mbele yako.

ATUPELE: Na matone ya presha ya macho?

LUSAJO: Anawe mikono, alale chali, afumbe jicho. Tone moja kwenye kona ya jicho upande wa pua, kisha afumbue, lishuke lenyewe. Halafu afumbe tena, abonyeze kona hiyo kwa kidole dakika 2. Asipobonyeza, dawa inapita puani na kuingia mwilini. Timolol, mojawapo ya matone hayo ya presha ya macho, ikiingia hivyo inaweza kubana kifua cha mwenye pumu na kupunguza mapigo ya moyo, kwa hiyo habari ya pumu iulizwe kabla ya kumwandikia. Dawa ya pili ingoje dakika 5, la sivyo inaiosha ya kwanza. Vichupa viwili vinafanana mno: kimoja kivishwe mpira.

ATUPELE: Kuna jambo linaloogopesha familia. Mtu aliyepoteza uwezo wa kuona anaanza kusema anaona watoto wamepanga mstari, au maua ukutani. Nyumbani wanasema amerogwa, au amechanganyikiwa.

LUSAJO: Hali hiyo inaitwa kwa jina la Mswisi Charles Bonnet, aliyeieleza mwaka 1760 baada ya kuiona kwa babu yake. Ubongo haupati picha kutoka machoni, unajitengenezea zake. Dalili zake: picha hazina sauti, na mgonjwa akielezwa anaelewa kwamba si za kweli. Mwambie hivyo wazi. Wengi wameficha kwa kuogopa kuitwa vichaa. Lakini akiwa anasikia sauti, ana homa, au hajui yuko wapi, hilo ni jambo jingine, tafuta maambukizi na angalia dawa anazotumia.

ATUPELE: Siku ya kuruhusiwa, karatasi ya maelekezo tunaifanyaje?

LUSAJO: Mpe, ndugu ataisoma. Lakini mrekodie pia sauti kwenye simu yake. Rekodi moja kwa kila dawa, isizidi dakika moja. Ukiziunganisha, atasikiliza zote kutafuta moja, na siku ya tatu ataacha. Anza na alama: "Kopo la mpira mmoja." Kisha jina la dawa, kazi yake, kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni, na tarehe ya kurudi kliniki. Kabla hajatoka, aifungue mwenyewe mbele yako, ujue anaweza kuipata bila msaada.