Kabla Hujapiga Windows, Uliza Nani Anaila Kadi

Wakubwa shikamooni, vijana mambo. Ndaga fijo kwa kuja na mvua hii. Waliotoka Iringa na Njombe, kamwene. Nimepewa dakika arobaini, na mwenyeji wetu ananifahamu, ndiyo maana amekaa mbele kabisa na saa yake ameiweka mezani.

Wengi mmeshanisikia nikiyasema haya Mwanjelwa, na wengine msibani, kwa hilo naomba radhi. Nayarudia kwa sababu wiki iliyopita nimeletewa kompyuta iliyopigwa Windows, yaani kufutwa na kuwekewa Windows upya, mara nne ndani ya miezi miwili. Mara nne! Ugonjwa wake ulikuwa nini? "Kadi ya grafiki inasoma asilimia mia." Kadi hiyo ndiyo sehemu inayochora picha kwenye kioo. Nikamuuliza mwenyewe, inasoma mia ukiwa unafanya nini? Akasema, nikicheza gemu. Basi, hicho ndicho kisa chote. Alifungua gemu, akaona mia, akaogopa, akampelekea fundi, fundi naye akaogopa.

Kadi ikisoma mia huku unacheza gemu zito, inafanya kazi uliyoinunulia. Lori lenye shehena likipanda Kitonga linanguruma, na hakuna abiria anayeshuka kutafuta fundi. Ila lori hilohilo likinguruma vile limeegeshwa Ilula, dereva ameshuka anachagua nyanya, hapo lazima mtu aulize. Kwa hiyo mimi swali langu la kwanza kwa mteja ni hilo tu: ulikuwa unafanya nini? Akinijibu "sifanyi kitu, nimeiacha tu imewaka," ndipo navuta kiti.

Sasa niwape ya mama wa Uyole. Mnaoijua vumilieni.

Huyu mama hakunipigia kwa ajili ya kompyuta. Alinipigia kwa ajili ya LUKU. "Mwanangu, umeme wangu unaibiwa." Yuko kwenye lile kundi la matumizi madogo, uniti 75 kwa mwezi, na miaka yote zilikuwa zinamtosha. Ghafla hazifiki hata katikati ya mwezi. Nikamwambia mama mimi ni fundi kompyuta, tafuta fundi umeme. Akasema fundi umeme ameshakuja, hakuona kitu. Alishaficha pasi, alishazima friji, na mpangaji wake wa chumba cha uani alikuwa haongei naye tena, maana alishamtuhumu kwamba anapikia jiko la koili usiku.

Nikaenda. Naingia sebuleni, hata sijakaa, nasikia feni. Kwenye kona, juu yake kitambaa cha kufuma kizuri kabisa, ipo kompyuta ya kijana wake. Kioo cheusi, hakuna mtu, feni inanguruma. Nani anaitumia? Mama akasema hakuna, ipo tu, kijana anasema ikizimwa inachelewa kuamka.

Nikatoa kitambaa, nikatikisa kipanya, nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc. Task Manager ikafunguka, lile dirisha la Windows linaloonyesha nani anatumia nini. Kadi ya grafiki: asilimia 3. Na feni ikaanza kushuka, ikashuka mpaka nikasikia kuku wa nje. Nikasema labda masikio yangu. Nikaifunga, nikakubali chai. Chai haijafika, feni imepanda. Nikafungua tena: asilimia 3, kimya. Nikafunga: inanguruma. Jamani, mle ndani kulikuwa na kitu kinanichungulia. Nikikitazama kinakaa vizuri kama mtoto aliyeona mwalimu, nikigeuza mgongo kinaendelea.

Sasa utampimaje mtu anayeacha kuiba ukimwangalia? Nikatumia mita. Mita ya LUKU ina kitaa chekundu kinachomweka, na usoni pake pameandikwa kinamweka mara ngapi kwa uniti moja. Ya mama iliandikwa 1000. Kila kikimweka, sehemu moja ya elfu ya uniti imekwenda, yaani wati moja kwa saa moja. Tukazima kila kitu ndani ya nyumba, tukaacha kompyuta peke yake. Kijana akasimama nje kwenye mita, simu mkononi anahesabu sekunde, mimi ndani. Task Manager ikiwa wazi, akapiga kelele, "Hiyo!" Kimya. Dakika nzima. "Hiyo!" Mara moja kwa dakika ni mara 60 kwa saa, yaani wati 60. Nikaifunga, tukasubiri kidogo. "Hiyo!... Hiyo!... Hiyo!" Mara tatu kwa dakika, wati 180.

Toeni wenyewe. Tofauti ni wati 120. Kwa saa 24 ni karibu uniti 2.9. Kwa siku thelathini ni uniti 86. Yaani 75 zote za mama zimekwisha na nyingine juu yake, kabla hajawasha hata taa ya choo. Mpangaji alikuwa amesimama mlangoni, anafuatilia hesabu. Hakusema neno. Alitabasamu tu, na lile tabasamu mama alilipokea akiwa ameinamisha uso.

Kilichokuwa mle ni programu ya kuchimba sarafu za kidijitali, yaani kadi inapigishwa hesabu mfululizo na mtu analipwa sarafu kwa hesabu hizo. Anayefaidi yuko huko aliko, umeme unalipwa Uyole. Baadhi ya programu za namna hii hukaa macho, zikiona Task Manager inafunguka zinalala. Nilichukua Process Explorer, ndugu yake Task Manager mwenye macho makali zaidi, ni ya Microsoft wenyewe na ni ya bure, nikabadilisha jina la faili lake kabla ya kulifungua, kwa sababu baadhi ya hawa jamaa huvizia kwa majina. Nikamkuta. Amejipa jina la Windows ila kwa herufi moja pungufu, amejificha kwenye folda ya AppData, amejipangia zamu kwenye Task Scheduler, ile ratiba ya Windows, aamke kila kompyuta ikiwaka, na kwenye Defender, mlinzi wa virusi wa Windows, amejiandika kwenye orodha ya wasiokaguliwa. Tena kajiandika mwenyewe!

Naona kijana mmoja anatikisa kichwa. Najua unachotaka kusema: Ethereum, sarafu iliyokuwa ikichimbwa sana kwa kadi za grafiki, iliacha uchimbaji Septemba 2022, siku hizi kuchimba kwa kadi hakulipi. Sawa kabisa. Hakumlipi mtu anayenunua umeme. Kwa asiyenunua, hata shilingi mia ni faida.

Na fundi pale nyuma naye ananitazama kwa jicho la "si ungefomati tu, mzee, yaishe." Nilifomati! Kitu kikishaingia kwa kina kile, hata mimi siamini kwamba nimekifagia chote. Lakini kompyuta ile ilikuwa imeshafomatiwa mara mbili na mafundi wawili tofauti, kila mmoja akalipwa, na kila mara jioni ileile kijana alivuta droo, akatoa flashi yake, akasakinisha upya gemu lake la mpira la kukrakiwa, yaani lililovunjwa kufuli ili lisilipiwe, alilopewa na rafiki. Mgeni akarudi na begi lake. Hakuna fundi aliyeuliza hilo gemu linatoka wapi. Mimi niliuliza, ikatoka ile flashi, nayo tukaisafisha, na nywila za kijana tukazibadilisha kwa kutumia simu, sio kwa kompyuta ileile. Hiyo ndiyo tofauti yangu na wewe, fundi, na bei yangu haikuzidi yako.

Mwenyeji ananionyesha vidole vitano. Vitano ni dakika au ni nini? Haya.

Sasa msiende nyumbani mkiona mchimbaji kwenye kila feni. Mara nyingi anayeila kadi ni mtu wa kawaida tu. Ndani ya Task Manager, bonyeza kulia juu ya vichwa vya safu, weka tiki kwenye GPU, ndiyo kadi yenyewe, na GPU Engine. Windows 10 inazo tangu toleo la Oktoba 2017. Hapo unaona jina la programu na sehemu ya kadi inayotumika. Na mjue ile namba kubwa ya juu si jumla, ni ya sehemu moja iliyoelemewa kuliko nyingine. Ukiona Video Decode, sehemu inayofungua video, imepanda, tafuta brauza yenye video inayocheza kimyakimya. Chrome ina Task Manager yake ya ndani, Shift na Esc, itakutajia ukurasa wenyewe. Ukiona Desktop Window Manager, usikimbilie kuiua, ndiyo inayochora madirisha yote unayoyaona. Ikila sana, angalia hiyo picha yako ya ukutani inayotembea, maporomoko ya maji sijui nini, itoe.

Tena kadi ikiwa haina kazi inapunguza mwendo wake yenyewe. Asilimia 20 ya kadi iliyosinzia ni kidogo mno, usinipigie simu usiku.

Menyu ya gemu. Hii watu hawaiamini. Umesimama tu kwenye menyu, hujaanza kucheza, kadi mia. Ni kwa sababu picha ya menyu ni nyepesi na hakuna kikomo cha fremu, zile picha mojamoja zinazofuatana, basi kadi inachora mamia ya fremu kwa sekunde ambazo jicho lako halina kazi nazo. Julai 2021, kwenye majaribio ya gemu la New World, kadi za RTX 3090 za watu zilikufa, na Amazon, wenye gemu, wakaongeza kikomo cha fremu kwenye menyu. Weka kikomo cha fremu 60, maliza.

Vumbi. Watu wa Mafinga, kompyuta zenu zinakuja zimejaa maranda kama godoro. Kadi ikipata joto inapunguza mwendo, kwa hiyo kazi ileile inaonekana asilimia kubwa zaidi. Na huku kwetu Mbeya tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa nyepesi, feni ileile inaondoa joto kidogo kuliko ya Dar. Baridi ya Juni ndiyo inayotuokoa. Draiva, programu inayoiendesha kadi, nilitaka kuieleza vizuri, lakini mwenyeji ameshasimama.

Mliokuja na kompyuta zileteni meza hii, soketi zipo nne, tutaanza na ya huyu dada. Na flashi pia. Ninyi wa nyuma, najua mnazo mfukoni.