Kila Mtu na Sanduku Lake: kuhamia ofisi isiyo na meza ya mtu

HATIBU: Dada Mwanaidi, shikamoo.

MWANAIDI: Marahaba, mdogo wangu. Wa nyumbani hawajambo?

HATIBU: Hawajambo, alhamdulillahi. Wasikilizaji wetu, karibuni. Tuko Chumbageni hapa Tanga, dirisha tumelifunga lakini bodaboda mtazisikia tu. Leo jambo nimelileta mimi, kwa sababu limenifika. Ofisini kwetu tumepewa barua wiki iliyopita kwamba mwezi ujao tunahama. Jengo jipya, ghorofa moja, na hakuna atakayekuwa na meza yake. Ukifika asubuhi unatazama kazi yako ya siku hiyo, kisha unakaa panapoifaa. Pana sehemu ya kimya, pana meza ndefu za kufanyia kazi pamoja, pana vibanda vya kupigia simu na vyumba vya vikao. Barua yenyewe kurasa mbili, na ukurasa mzima ni picha za viti.

MWANAIDI: Na watu wamesemaje?

HATIBU: Hawakusema. Hicho ndicho kilichonitia wasiwasi. Sisi ikibadilishwa saa ya chai tu, maneno yanafika Ngamiani kabla ya adhuhuri. Safari hii kila mtu kasoma, kakunja karatasi, kaendelea na kazi. Jioni nikamkuta mama mmoja wa uhasibu, ana miaka kumi na tisa pale, anafuta droo ya meza yake kwa kitambaa. Hahami leo wala kesho. Anafuta tu.

MWANAIDI: Huyo keshaanza kuaga. Na hakuna aliyemwambia kwamba ana haki ya kuaga.

HATIBU: Ndiyo maana nikakupigia. Wewe umekuwa afisa utumishi miaka mingi, na najua umesimamia kuhama huku mara mbili.

MWANAIDI: Mara mbili, na ya kwanza tuliwaumiza watu. Nitaisema yote, ofisi yenyewe sitaitaja. Tulikuwa watu hamsini na wawili, meza zikanunuliwa arobaini. Hesabu ilikuwa kwamba siku zote kuna walio safarini, walio likizo, walio nje kwa wateja. Hesabu si mbaya. Ila tuliwaambia watu Ijumaa, maboksi yakaletwa Jumatatu. Siku ya tatu tu, watu wakawa wanafika saa kumi na mbili na nusu asubuhi kuwahi dirishani. Wiki ya pili, kila kiti cha dirishani kina kikoi au mtandio umetandazwa. Wiki ya tatu, mkurugenzi akaingia chumba kikubwa cha vikao na mafaili yake, akasema anakitumia kwa muda. Muda ule ulichukua miaka miwili.

HATIBU: Baada ya hapo nani angekusikiliza?

MWANAIDI: Hakuna. Na hakuna aliyegombana nasi waziwazi. Walisema "sawa, dada" na kila mmoja akajijengea kiota chake upya. Lakini lililoniumiza zaidi ni jingine. Mtumishi mmoja aliacha barua ya mwenzake ya nidhamu kwenye meza ya pamoja. Zamani ingekuwa ndani ya droo yenye ufunguo. Imekaa pale saa nzima. Aliyeandikiwa ile barua alihama kazi mwaka ule ule, na mpaka leo nikikutana naye sokoni Mgandini naona haya.

HATIBU: Pole sana, dada.

MWANAIDI: Asante. Sasa nikuulize. Nyumba uliyokulia ilikuwaje?

HATIBU: Ya Kiswahili. Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili. Baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma.

MWANAIDI: Basi umekulia katika ofisi ya namna hiyo hiyo. Barazani mnafanya nini?

HATIBU: Kahawa, kashata, habari za mpira, kupokea mgeni usiyemjua vizuri.

MWANAIDI: Maneno ya mahari yanazungumzwa barazani?

HATIBU: La! Ndani. Na sisi watoto tunatolewa.

MWANAIDI: Uani?

HATIBU: Kukuna nazi, kupika, kufua, na wanawake kucheka bila kusikika barabarani.

MWANAIDI: Kila kazi ina mahali pake, na hakuna aliyebandika tangazo ukutani. Ulijuaje? Ulifunzwa adabu ya kila mahali tangu ukitambaa. Kwenye chumba unapiga hodi, barazani unasalimu. Wanaochora hizi ofisi wanatuletea vyumba, lakini adabu ya vyumba hawawezi kutuletea kwa lori. Lazima wenye kukaa humo waifunze na waikubali wenyewe. Na kuna la pili, hili nililiona nimeshachelewa. Katika nyumba ile ya kushirikiana kila kitu, bibi yako alikuwa na nini chini ya kitanda?

HATIBU: Sanduku. Halifunguliwi na mtu. Ufunguo alifunga kwenye pindo la kanga.

MWANAIDI: Hapo ndipo penyewe. Watu wale waliweza kushirikiana ukumbi, jiko, ua, hata kitanda, kwa sababu kila mmoja alikuwa na kidogo chake kisichoguswa. Mara ya kwanza sisi tulichukua meza na tukachukua na sanduku. Mara ya pili, kitu cha kwanza kununua, kabla ya kiti hata kimoja, ni makabati yenye ufunguo, kila mtu lake. Kabati lenye nafasi ya kweli, mkoba uingie, viatu, msala, picha ya mtoto, dawa za pumu. Tukawapa funguo wiki tatu kabla ya kuhama. Mama yule wa droo, ukimpa ufunguo mkononi kabla hujamwondolea meza, anakuwa na pa kuhamia.

HATIBU: Unajua nimesoma kisa cha Marekani kinachofanana na hicho. Kampuni ya matangazo, Chiat/Day, miaka ya 1990 mwanzoni. Mwenyewe, Jay Chiat, akaondoa meza za watu kule Los Angeles. Kila asubuhi unakwenda dirishani kuazima simu na kompyuta ya kubeba, jioni unarudisha. Zikawa hazitoshi. Watu wakapanga foleni, wengine wakawahi alfajiri, na karatasi zao wakahifadhi kwenye buti za magari. Miaka michache baadaye mpango ukaachwa.

MWANAIDI: Buti ya gari ndiyo iliyogeuka sanduku. Mtu lazima atalitafuta, usipompa atalitengeneza.

HATIBU: Lakini Uholanzi, miaka hiyo hiyo ya 1990, kampuni ya bima ya Interpolis, mji wa Tilburg, wao walifanya na ikasimama, wakisaidiwa na mshauri Erik Veldhoen. Mpaka leo watu wanajifunza kwa mfano ule.

MWANAIDI: Ndiyo, na ninachokipenda kwa Waholanzi wale ni kwamba hawakuanza na samani. Walianza kwa kuuliza kazi inafanywaje, na mkubwa anamwamini mtu wa chini yake kiasi gani. Bosi anayetaka kukuona kwa macho ndipo aamini kwamba unafanya kazi, ofisi hii itamtesa, naye atawatesa wengine. Huyo afundishwe kwanza, kabla ya watumishi.

HATIBU: Tueleze mlivyofanya mara ya pili.

MWANAIDI: Tulianza na karatasi na kalamu. Wiki mbili nzima, saa tatu, saa sita na saa tisa, mtu mmoja anazunguka ofisi. Meza hii ina mtu? Anafanya nini, anaandika, yuko kwenye simu, anazungumza na mwenzake? Tuliwaambia watu mapema kwamba hatuhesabu uvivu, na majina hatuandiki. Matokeo yakatushangaza. Maafisa wa nje walikuwa mezani mara chache mno. Keshia na masijala hawakuondoka kitini kabisa. Basi keshia na masijala wakabaki na mahali pao pa kudumu. Ukisema kanuni ni moja kwa wote halafu keshia ahamehame na sanduku la fedha, hiyo si haki, ni ukaidi.

HATIBU: Na mwenye ulemavu?

MWANAIDI: Hapo hapana mjadala. Tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na mwajiri anatakiwa kumwekea mfanyakazi mazingira yanayomfaa. Tulikuwa na kijana asiyeona vizuri. Yeye ofisi huikariri kwa hatua. Ukimhamisha kiti kila siku umemnyang'anya macho yake ya pili. Akapewa meza moja, isiyoguswa, karibu na mlango. Wengine shida zao hazionekani, mgongo, ujauzito, masikio. Hao usingoje wanyooshe mkono kikaoni mbele ya watu arobaini. Waite mmoja mmoja, mkae, unywe naye chai.

HATIBU: Sababu ya kuhama mliisema? Maana barua yetu inasema "kuongeza ushirikiano na ubunifu", na kila mtu anajua kodi ya jengo imepanda.

MWANAIDI: Semeni kodi! Mtu mzima ukimwambia fedha hazitoshi anaelewa, nyumbani kwake hazitoshi pia. Ukimfunika kwa maneno mazuri, kila utakalosema baadaye atalipima kwa uongo ule wa kwanza.

HATIBU: Na huo ushirikiano wenyewe hauji hivi hivi. Watafiti wawili wa Harvard, Ethan Bernstein na Stephen Turban, walitoa utafiti mwaka 2018. Waliwavisha wafanyakazi vifaa vya kupima mazungumzo kabla na baada ya kuta kuondolewa. Kuzungumza ana kwa ana kulipungua kwa asilimia 70 hivi, na barua pepe zikaongezeka.

MWANAIDI: Na pale palikuwa pamefunguliwa pote, hapana pa kujificha. Mtu akikosa ukuta anajijengea ukuta kwa hedifoni. Ndiyo maana sehemu ya kimya na vibanda vya simu visiwe mapambo. Fedha zikipungua, punguzeni sofa, vibanda viacheni.

HATIBU: Adabu mliipangaje? Nani alitunga kanuni?

MWANAIDI: Wajumbe, wawili kila idara, mmoja kijana na mmoja mkongwe, wakuu wa idara hawamo. Walikaa mara nne. Kanuni zikatoka sita, na nyingi nisingeziwaza mimi. Ukiondoka zaidi ya saa mbili, meza unaiacha tupu. Simu ya spika ni ndani ya kibanda tu. Samaki haliwi mezani, analiwa chumba cha chakula, na dirisha linafunguliwa. Mhudumu wa usafi naye aliingizwa, kwa sababu yeye ndiye atakayezifuta meza zile zote, na ni yeye aliyetwambia kwamba sehemu ya kimya imepangwa ukutani kwa pampu ya maji. Wenye ramani kutoka Dar hawakuijua pampu ile. Si tunasema Tanga waja leo, waondoka leo? Wauza samani watakuja na kuondoka, pampu mtabaki nayo ninyi.

HATIBU: Swala je? Sisi sasa mtu anatandika msala nyuma ya meza yake, basi.

MWANAIDI: Umenikumbusha, na hili ramani huwa inalisahau. Meza ikiondoka, na kipembe cha kusalia kimeondoka, na cha mama anayekamua maziwa ya mtoto kimeondoka. Ulizeni vyumba hivyo viwili sasa hivi, kabla rangi haijakauka. Mama mwenye mtoto mchanga apewe chumba chenye kitasa kwa ndani, si choo.

HATIBU: Na mkurugenzi?

MWANAIDI: Safari ile mkurugenzi alikuwa mwingine. Nilimwomba jambo moja tu, kwamba yeye ahamishe vitu vyake wa kwanza, mchana, watu wakiona. Akabeba boksi lake mwenyewe akalitia kwenye kabati sawa na la dereva. Mwezi mzima hakukaa mahali pamoja siku mbili. Kwenye mambo ya siri alitumia chumba kidogo, akimaliza anatoka na karatasi zake.

HATIBU: Baada ya kuhama kila mtu akafurahi?

MWANAIDI: Hapana. Wiki ya kwanza wanasisimka, picha nyingi kwenye simu. Wiki ya tatu wanachoka. Kutafuta mahali kila asubuhi kunachosha, na wageni wa idara hawajui wakaulize wapi. Wengi wetu tunamaliza kazi siku ya kuhamia, tunapiga makofi tunaondoka. Mimi nilikaa mle ndani wiki sita, nina daftari. Soketi haifanyi kazi, naandika. Kiyoyozi kinawapiga kichwani wa meza ya tatu, naandika. Na kila Alhamisi ubaoni nikaonyesha lililotengenezwa na lisilowezekana, na kwa nini. Mzee mmoja wa manunuzi alikataa kuhama meza hata siku moja. Nikamwacha. Mwezi wa nne nikamkuta meza ndefu, amezungukwa na vijana wa mikataba, anawasomesha. Sikumwuliza kitu.

HATIBU: Dada, basi mimi nina wiki nne. Nianze wapi kesho?

MWANAIDI: Jumamosi jengo liko wazi?

HATIBU: Mafundi wapo.

MWANAIDI: Omba ruhusa uende. Chukua yule mama wa uhasibu, chukua mhudumu wa usafi, chukua mtu mmoja wa masijala. Bebeni futi ya kupimia na ramani. Simameni kila mahali dakika kumi mkiwa kimya, msikilize. Halafu mwulize mama, kabati lake angelitaka wapi.

HATIBU: Atasema karibu na dirisha linalotazama bandarini. Meza yake ya sasa iko hapo.

MWANAIDI: Basi piga picha ya dirisha hilo, uniletee wiki ijayo. Na majibu yake uniletee pia.